Ukitumiwa tangazo la dawa "inayoamsha p53" kwa kansa ya utumbo mpana, fanya hivi kabla hujatoa hela

Mwezi uliopita mjomba kanitumia klipu ya dakika tatu hivi, jamaa kavaa koti jeupe, nyuma yake mchoro wa DNA unazunguka, anasema unga wake "unaamsha protini p53 inayoua kansa ya utumbo mpana", chupa moja laki na themanini, dozi kamili chupa sita. Chini yake mjomba kaandika, "Dokta, hii vipi, tumchukulie mdogo wangu?" Mimi sio dokta, ni mtu wa maabara, nimeshamwambia mara mia hasikii. Ila swali lake halikuwa la kijinga hata kidogo, maana kuamsha hizi protini ni kitu cha kweli, wanasayansi wako nacho zaidi ya miaka ishirini, na matapeli wanapatia upenyo hapohapo, wanachukua neno la kweli wanalibandika kwenye chupa.

Mgonjwa mwenyewe ni mama mdogo, alifanyiwa oparesheni, sasa yuko kwenye kemo. Nikaona nimwandikie mjomba jinsi mimi ninavyozipima habari hizi, na nikishaandika nikaona kuna wengi wanaulizwa swali hilohilo nyumbani, basi hii hapa.

Kwanza uliza: hiyo protini imelalaje?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote na ukilishika hili mengine yote yanakuwa mepesi.

Mwilini kuna protini ambazo kazi yao ni kuzuia seli zisigeuke kansa. Maarufu kuliko zote ni p53. Mimi namfananisha na mjumbe wa nyumba kumi, wale wa zamani ambao ugomvi wote wa mtaa ulikuwa unapita kwao. DNA ya seli ikikatika taarifa inafika kwa p53, anasimamisha kila kitu, seli haigawanyiki mpaka irekebishwe, na ikionekana haifai tena anaiamuru ijiue yenyewe. Sasa ngozi ya ndani ya utumbo mpana inajibadilisha karibu yote kila baada ya siku chache, yaani seli zinagawanyika usiku na mchana, kwahiyo mjumbe wa huko hana likizo.

Na kuna kitu wengi hawakijui, p53 iligunduliwa 1979 na kwa karibu miaka kumi watu waliamini ndo inayoleta kansa. Ni 1989 timu ya Bert Vogelstein pale chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, ilipochunguza uvimbe wa utumbo mpana hasa, wakakuta jeni ya p53 imeharibika upande mmoja na upande wa pili umepotea kabisa, ndo ikaeleweka kwamba huyu ni mlinzi aliyeuawa na sio mwizi. Kwahiyo jina lake lilisafishwa kwenye ugonjwa huuhuu tunaouzungumzia.

Kwenye uvimbe huyu mjumbe anaweza kuwa na hali tatu, na kila hali dawa yake mbali:

Hali ya kwanza hayupo. Jeni imefutika au imekatwa njiani, mfano kuna mutesheni, yaani kosa kwenye jeni, inaitwa R213X, hapo maelekezo ya kutengeneza protini yanaishia herufi ya 213 wakati protini nzima ina 393. Huwezi kumwamsha ambaye hayupo, labda utafute dawa inayoifanya seli iiruke ile alama ya kusimama iendelee kusoma, au upeleke jeni mpya. China waliidhinisha 2003 dawa ya kupeleka jeni ya p53 kwa kutumia kirusi kilichodhoofishwa, inaitwa Gendicine, lakini iliidhinishwa kwa kansa za kichwa na shingo, na inachomwa kwenye uvimbe wenyewe.

Hali ya pili yupo mzima kabisa ila kafungiwa ndani. Kuna protini nyingine, MDM2, kazi yake ni kumshika p53 na kumpeleka akasagwe. Kwenye seli nzima hiyo ni sawa, hatutaki mjumbe anapiga filimbi kila saa, lakini seli za kansa nyingine zinamtumia MDM2 kupita kiasi. Hapa dawa ni kumzuia MDM2. Za kwanza zilitangazwa 2004 zikaitwa nutlin, jina limetoka Nutley, mji wa New Jersey ambako kampuni ya dawa ya Roche walikuwa na maabara, ukijua hivyo unaona sayansi nayo ina mambo yake ya kimtaa.

Hali ya tatu ndo yenye vituko. Yupo, tena yupo kwa wingi, ila kapinda. Herufi moja kwenye protini imebadilika, umbo limeharibika, hawezi kushika DNA, na kwa kuwa hafanyi kazi hata utaratibu wa kumsaga nao umevurugika, anajazana. Nimeona kwa macho yangu kwenye slaidi: ukipaka rangi ya p53 kwenye kipande cha utumbo usio na kansa unakuta seli moja moja hapa na pale zina ukahawia hafifu, ukihamisha lensi kidogo ukaingia kwenye uvimbe wenye p53 iliyopinda, ghafla viini vyote ni kahawia ya kukolea kama mtu kamwaga kahawa. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kipimo.

Sasa rudi kwa jamaa wa klipu. Anasema unga wake "unaongeza p53". Kama uvimbe wa mgonjwa ni huu wa kahawia, p53 imejaa mpaka inamwagika na haisaidii chochote, unaongeza nini? Hapo tu ungeweza kufunga simu, ila tuendelee.

Chukua ripoti, soma hizi sehemu

Usianze na dawa, anza na karatasi. Familia nyingi zina ripoti ya patholojia, yaani ya kipimo cha kinyama, ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati na hakuna aliyeisoma zaidi ya neno "adenokasinoma". Itoe. Ipige picha kabisa kila ukurasa maana karatasi zinapotea.

Tafuta kama kuna kipimo cha MMR au MSI, vyote vinaangalia kama protini za kusahihisha makosa ya DNA bado zinafanya kazi. Hii naiweka mbele hata ya p53 na nitasema kwanini huko chini. Halafu tafuta KRAS, NRAS na BRAF, hizi ni jeni zinazopimwa hasa kama kansa imesambaa kwa sababu zinaamua baadhi ya dawa. Halafu ndo uangalie TP53, hilo ni jina la jeni inayotengeneza p53. Mara nyingi hutaikuta, sehemu nyingi hawaipimi kwa kansa hii kwa sababu mpaka sasa haibadilishi matibabu ya kawaida, kwahiyo usimgombeze daktari. Inaonekana zaidi pale mgonjwa alipofanyiwa kile kipimo kikubwa cha kusoma jeni nyingi kwa mpigo.

Ukiikuta itakuwa imeandikwa kama R175H au R273H au Y220C. Kusoma ni rahisi: herufi ya kwanza ndo iliyotakiwa kuwepo, namba ndo mahali, herufi ya mwisho ndo iliyoingia kimakosa. Ukiona X au nyota mwishoni, protini imekatwa, ni ile hali ya kwanza.

Usione kama haya ni mambo adimu. Kwenye utafiti mkubwa wa TCGA, mradi wa Marekani wa kusoma jeni za kansa, uliotoka 2012, uvimbe wa kawaida wa utumbo mpana, yaani ukitoa ule wenye mutesheni nyingi kupita kiasi, 60% ulikuwa na TP53 iliyoharibika na 81% ulikuwa na APC iliyoharibika.

Ndiyo, APC, nusura niisahau na wakati ndo inaanza kuharibika kabla ya p53 kwenye kansa nyingi za utumbo. Hii nayo ni protini ya kuzuia kansa, ndefu mno, ina asidi amino (ndo zile herufi za protini) 2,843, na kawaida inakatwa karibu katikati. Watafiti wa Marekani, Lukas Dow na Scott Lowe na wenzao, 2015 walitengeneza panya ambao unaweza kuzima na kuwasha APC kwa dawa ya kwenye chakula. Wakaizima, panya wakapata uvimbe, wakaiwasha tena, uvimbe ukanywea na seli zikarudi kufanya kazi za utumbo wa kawaida, hata ule uliokuwa umeshaharibika Kras na p53 pia. Mimi niliposoma hiyo nilikaa kimya kidogo. Ila elewa, wale panya walizimiwa APC kwa swichi, jeni yenyewe ilikuwa nzima muda wote. Binadamu wetu jeni imekatika, hakuna swichi ya kubonyeza. Kwahiyo panya wale wametuambia kwamba wazo ni sahihi, dawa ya kulifanya kwa mtu bado.

Angalia walijaribu kwenye nini

Muuzaji akikuonyesha "utafiti", usiangalie wingi wa kurasa, angalia walijaribu wapi. Sahani, panya, au mtu. Mengi ni sahani. Na kwenye sahani hata Jik inaua kansa.

Lakini hata sahani kuna sahani. Kwa p53 na utumbo mpana kuna jaribio moja zuri sana ambalo hata ambaye sio mtu wa sayansi anaweza kulitafuta kwenye picha. Kuna seli za kansa ya utumbo mpana zinaitwa HCT116, hizi p53 yao ni nzima. Mwaka 1998 Fred Bunz na Vogelstein walitoa ndugu yake pacha, HCT116 ileile ila p53 imefutwa kabisa. Sasa mtafiti mkweli anayedai dawa yake inaua kwa kupitia p53 anazipa zote mbili dawa ileile. Ikiua zile zenye p53 na zile zisizo nayo zikapona au zikaumia kidogo, hapo kuna hoja. Zikifa zote sawa, dawa inaua kwa njia nyingine, labda ni sumu tu, na jina la p53 limewekwa kwa ajili ya mapambo.

Kingine utaona picha ya mistari myeusi myeusi kwenye kijivu, mistari hiyo ni protini. Usitosheke kuona mstari wa p53 umenenepa. Tafuta mstari wa p21 na wa PUMA. Hao ndo watumishi wa p53, wa kwanza anasimamisha seli, wa pili anaiua. Mjumbe akiamka kweli watumishi nao wanaonekana barabarani. Kama p53 imenenepa na p21 haijatikisika, mjumbe kaletwa kwenye kiti lakini bado amesinzia.

Na kama seli zilizotumika ni HT-29 au SW480, ujue hizo p53 yao imepinda pale R273H, kwahiyo dawa ya kumzuia MDM2 haina cha kufungulia mle. Mtu akikwambia nutlin "iliamsha p53" kwenye HT-29 muulize aliamsha nani.

Dozi pia. Manjano kwa mfano, kuna rundo la makala zinaonyesha kurikumini inapandisha p53 kwenye sahani, na mimi sina ugomvi na manjano, pilau bila bizari si pilau. Tatizo ni kwamba kurikumini ukiimeza inaingia kwenye damu kidogo mno hata ukila magramu kwa siku, kiasi walichoweka kwenye sahani mwili haukifikii.

Dawa za kweli zimefika wapi

Hapa nitasema wazi kwa sababu klipu haitakwambia. Hadi naandika hivi sijaona dawa ya kuamsha p53 iliyoidhinishwa kama matibabu ya kawaida ya kansa ya utumbo mpana. Zimejaribiwa, tena kwa pesa nyingi, na nyingine zimegonga mwamba.

Idasanutlin ya Roche, kizazi cha nutlin, ilifika hadi jaribio la awamu ya 3, yale makubwa ya mwisho, kwa kansa ya damu ikashindwa kuongeza maisha, wakasimamisha 2020. Halafu hizi za kumzuia MDM2 zina kasoro ya asili, p53 haiamki kwenye uvimbe peke yake, inaamka na kwenye uboho wa mifupa na utumbo usio na kansa, chembe za kugandisha damu zinashuka, mgonjwa anaharisha. Eprenetapopt, iliyoanzia taasisi ya Karolinska kule Sweden, ilikuwa ya kunyoosha p53 iliyopinda, Desemba 2020 nayo jaribio lake kubwa kwa wagonjwa wa uboho halikufikia lengo.

Inayonipa matumaini ni rezatapopt. Hii imetengenezwa kwa mutesheni moja tu, Y220C, ambayo inaacha kishimo kwenye p53, protini inalegea kwenye joto la mwili, na dawa inaenda kuziba kile kishimo kama kabari ili umbo lisimame. Kishimo chenyewe kilichunguzwa miaka mingi na kundi la Alan Fersht kule Cambridge. Kwenye jaribio lao la PYNNACLE kuna watu wenye kansa mbalimbali uvimbe ulipungua. Lakini Y220C ni karibu 1% tu ya uvimbe wote, na awamu ya 2 walichukua wagonjwa ambao KRAS yao ni nzima. Kansa ya utumbo mpana karibu 40% KRAS imeharibika. Unaona mlango unavyozidi kuwa mwembamba.

Mama mdogo KRAS yake imeharibika, ni G12D. Nilipoona hivyo nilijua hata hii sio yake.

Kabla hujakata tamaa, hapa ndo narudi kwenye MMR. MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 nazo ni protini za kuzuia kansa, kazi yao kusahihisha makosa ya kunakili DNA. Zikipotea uvimbe unajaa makosa, na kumbe makosa yale yanaufanya uonekane mgeni machoni pa kinga ya mwili. Kwa wagonjwa hawa watafiti hawakuhangaika kuamsha protini, walifungulia kinga. Dawa ya kufungulia kinga inayoitwa pembrolizumab, kwenye jaribio la KEYNOTE-177, wagonjwa 307 wenye kansa iliyosambaa na MMR imepotea, muda wa kukaa bila ugonjwa kusonga mbele ulikuwa miezi 16.5 dhidi ya 8.2 kwa kemo. Wenye hali hii ni kama 15% ya kansa zote za utumbo mpana, ila zikishasambaa ni kama 5% tu. Kwahiyo kama kuna kipimo kimoja cha kumuuliza daktari kesho asubuhi ni hiki, kwa sababu jibu lake lina dawa iliyopo leo.

Kutafuta jaribio mwenyewe

Ingia ClinicalTrials.gov, tovuti yenye orodha ya majaribio ya dawa. Kwenye ugonjwa andika "colorectal cancer", kwenye maneno mengine andika mutesheni yako, mfano "TP53 Y220C", halafu chagua yale yanayoandikisha wagonjwa sasa hivi na uangalie nchi. Kwa majaribio ya Afrika angalia pia PACTR, orodha ya namna hiyo ya Afrika. Mengi utakuta yako Marekani na Ulaya, hilo nakwambia mapema usije ukaumia. Ukilipata la kufaa usiwaandikie wewe kwanza, mpelekee daktari wa kansa namba ya jaribio, inaanza na NCT, maana wataomba ripoti ambazo yeye ndo anazo.

Jaribio la kweli lina fomu ya ridhaa, lina kamati ya maadili, na dawa inayojaribiwa haiuzwi kwa mgonjwa. Ukiambiwa "lipia nafasi", kimbia.

Wakati unasubiri, usiache kemo

Hii mjomba hakuipenda, alitaka mama mdogo apumzike kemo "mwili usafike" kwanza ndo aanze unga. Nikamweleza hivi: ile dawa ya kemo 5-FU na ndugu yake kapesitabini ya vidonge, kazi yake ni kuvuruga DNA ya seli inayogawanyika, na uvurugaji huo wenyewe unampelekea mjumbe taarifa. Bunz na wenzake walirudi 1999 na zile HCT116 pacha, wakakuta zile zisizo na p53 zilikuwa sugu kwa 5-FU. Yaani kwa wenye p53 nzima, dawa ya zamani ya bei ya kawaida nayo inamwamsha.

Na kama kuna kitu kingine anakunywa, mwambieni daktari, msione aibu. Hata vidonge vya foliki asidi, vile vya wajawazito, vinaweza kuongeza makali ya kapesitabini mpaka mdomo ukatoka vidonda na kuharisha kukazidi. Unga usioandikwa ndani kuna nini ndo kabisa.

Halafu kuna fikra kwamba p53 ikizidi ndo vizuri. Tembo wetu kweli ana nakala 20 za jeni hiyo wakati sisi tuna moja, ilitangazwa 2015, na kansa kwake ni nadra. Ila 2002 kuna panya waliotengenezwa p53 yao ikawa kali kuliko kawaida, kansa zikapungua lakini wakazeeka mapema, mgongo ukapinda, mifupa ikawa myepesi. Tembo kazaliwa na mpangilio wake wote, wewe unanunua chupa.

Mjomba alinisikiliza, halafu akanambia kumbe alishampigia yule jamaa jana yake kuulizia bei ya jumla. Nikamwambia mpigie tena, muulize kitu kimoja tu, dawa yake ni ya p53 iliyofutika, iliyopinda au iliyofungiwa. Akaweka spika nikiwepo. Jamaa akasema inatibu zote, na presha, na nguvu za kiume, na wiki hii kuna ofa.

Mama mdogo yuko mzunguko wa tano. Oksaliplatini, dawa nyingine ya kemo yake, inamfanya vidole viwashe akigusa kitu cha baridi, kwahiyo glavu za sufu ziko juu ya friji na anazivaa kabla ya kufungua mlango, na maji anakunywa ya uvuguvugu. Kama na wako yuko kwenye dawa hiyo, mtafutie glavu leo.